Mwalimu wa Kiingereza kwa Mwanafunzi Mtu Mzima: Tumchague Vipi?



Tumepokea maswali kutoka kwa kina mama kadhaa, na yote, ijapokuwa yameandikwa kwa mikono mbalimbali, yazunguka jambo moja. Hao ni watu wazima, na baadhi yao wana wajukuu. Walisoma chuoni wakahitimu Qur'ani, kisha wakaiacha skuli mapema kwa kuolewa au kwa uchache wa mali. Sasa wataka kujifunza Kiingereza, na hawajui wamwendee nani. Mmoja wao asema amekwisha kulipa mara mbili kwa watu wawili tofauti, na alichobaki nacho ni daftari lililojaa maneno asiyoweza kuyatamka mbele ya mtu. Atuuliza: je, aibu hii ni ya kichwa chake kilichokomaa, au ni ya mwalimu?

Jibu letu la mkato ni kwamba mara nyingi kichwa hakina lawama. Mtu mzima hujifunza lugha, na huijua, akipata mwalimu anayemfaa. Lakini mwalimu anayemfaa hapatikani kwa kuokota. Hutafutwa, hupimwa, kisha ndipo hushikwa. Leo, kwa tawfiki yake Mola, tutaeleza namna ya kumtafuta na namna ya kumpima.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili si dogo. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikavifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, kila mmoja wetu ajua karatasi ya mkopo huandikwa kwa lugha gani aghalabu, na karatasi ya hospitali, na barua itokayo skuli. Mama asiyeisoma lugha hiyo hutia sahihi chini ya masharti asiyoyafahamu, na maana yake hufasiriwa siku deni linapomwangukia.

Na lililo zito zaidi kuliko la mali ni la sitara. Mara ngapi tumemwona mama akienda kwa daktari asiyekijua Kiswahili vyema, naye amefuatana na mtoto wake wa miaka kumi ili amfasirie! Maradhi ya uzazi, mambo ya damu na ya unyumba, yote yapitishwe katika kinywa cha mtoto. Mtoto huona haya, akayapunguza maneno. Mama naye huona haya, akayaficha mengine. Daktari basi huandika dawa kwa habari iliyopunguzwa mara mbili. Mama huyu akitafuta mwalimu wa Kiingereza hatafuti fahari wala hataki kuiga watu. Ataka kusema mwenyewe yanayomuuma.

Wako wanaosema kwamba lugha hii haituhusu. Hao tunawakumbusha habari ya Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, ambaye Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili awe akimsomea barua zao na kumwandikia majibu. Imepokewa kwamba haukupita nusu ya mwezi ila alikuwa amekwisha kuyajua. Na hapa kwetu, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu wa pwani wasiachwe nyuma na elimu ya zama zao. Wala umri si kizuizi. Wengi katika Masahaba walianza kujifunza Qur'ani wakiwa watu wazima, na wengine wakiwa wazee.

Tukija katika kumchagua mwalimu, wenzetu waliosoma vyuoni watakikumbuka kitabu cha Taalimul Mutaallim cha Sheikh Az-Zarnuji, kilichoandikwa yapata miaka 800 iliyopita. Humo ameeleza kwamba mwanafunzi amchague mwalimu aliye na elimu zaidi, na ucha-Mungu zaidi, na umri zaidi. Kisha akataja nasaha ya mtu mwenye hekima aliyemwambia mwanafunzi anayekwenda Bukhara asiharakishe kukaa mbele ya maimamu, bali angoje miezi miwili akitazama na kufikiri, ndipo achague. Sababu yake ni kwamba mwenye kuharakisha huanza kwa huyu, akachoka naye, akahamia kwa yule, na umri wake ukapotea njiani.

Mafundisho haya yalikusudiwa elimu ya dini, lakini busara yake yafaa katika elimu nyingine. Miezi miwili huenda ikawa mingi kwa mama anayetaka Kiingereza cha zahanati, lakini wiki mbili za kuuliza na kutazama si nyingi.

Kabla ya kumtazama mwalimu, mwanafunzi ajitazame yeye. Ajiulize: nakitaka Kiingereza kwa kazi gani? Swali hili wengi hulipita, na ndilo mlango wa mambo yote. Anayetaka kusema na daktari na kuisoma barua ya skuli ahitaji mwalimu wa mazungumzo na wa kusoma karatasi za kila siku. Anayeuza vitu kwa wageni Lamu au Malindi ahitaji Kiingereza cha bei, cha ukarimu na cha kujadiliana. Anayetaka kuingia chuo kikuu ng'ambo huenda akatakiwa mtihani kama IELTS, ambao hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na huyo ahitaji mwalimu anayeujua mtihani wenyewe.

Yuko pia binti aliyeolewa na mume anayeishi Uingereza. Sheria za uhamiaji za nchi hiyo humtaka mke anayemfuata mumewe aonyeshe, kwa kusikiliza na kuzungumza, Kiingereza cha ngazi ya A1, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa. Baadaye, akitaka kuongezewa muda na kisha kukaa moja kwa moja, hutakiwa ngazi za juu zaidi. Binti huyu akipewa mwalimu wa kumwandikisha insha kwa miezi sita, amepotezewa wakati, kwani mtihani wake wa kwanza hauna insha. Na kwa kuwa masharti kama haya hubadilika, ayaangalie yalivyo siku anapoanza.

Na anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, tumwambie kwa uwazi: nyumbani mle atasikia Kiarabu zaidi kuliko Kiingereza. Mwalimu wa Kiarabu cha mazungumzo atamfaa kuliko wa Kiingereza, na huenda maneno hayo machache ndiyo yatakayomwokoa siku atakapotaka kueleza kwamba ni mgonjwa au kwamba hakulipwa. Anayekwenda Dubai kuuza duka au kuhudumu hotelini, hapo Kiingereza kitamsaidia sana.

Haja ikijulikana, mwanafunzi amtazame mwalimu katika mambo sita.

La kwanza ni elimu, na elimu hapa ni mbili: kuijua lugha, na kujua kuifundisha. Wengi huzichanganya. Huona kwamba kila Mzungu ni mwalimu wa Kiingereza, au kwamba kijana aliyekaa London miaka mitatu amekuwa mwalimu. Tuulizane: je, kila aliyezaliwa Makka ni mwalimu wa tajwidi? Hapa pwani yetu tumesomeshwa makhraji za herufi na masheikh ambao hawakuzaliwa Uarabuni, na wamewatoa mahafidhi ambao kisomo chao hakimshuku mtu. Walikuwa hodari kwa sababu wao wenyewe walijifunza herufi moja baada ya moja, wakajua ulimi hukwama wapi. Hali kadhalika mwalimu wa Kiingereza. Mwenye kuzaliwa na lugha aweza kuisema vizuri sana na asijue kueleza kwa nini husemwa hivyo.

Basi ulizeni mwalimu amesomea nini. Mwalimu wa skuli aliyesajiliwa huwa na nambari ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, na si utovu wa adabu kumwomba aionyeshe. Iko pia shahada ya Cambridge iitwayo CELTA, iliyotungwa kwa ajili ya kuwafundisha watu wazima Kiingereza. Mwenye kuisomea hukaa darasani saa 120 kwa uchache, na katika hizo husomesha wanafunzi wa kweli saa 6 huku akitazamwa na kupimwa. Si lazima mwalimu wetu awe nayo, lakini akiwa nayo ni dalili njema. La muhimu ni kuuliza: umewahi kuwafundisha watu wazima? Mwalimu hodari wa darasa la tatu aweza kumwimbisha mama wa miaka 45 nyimbo za watoto, na mama akaona amedharauliwa, asirudi tena.

La pili ni kuijua lugha ya mwanafunzi na anayoyajua mwanafunzi. Kiswahili chetu kina irabu tano tu, na Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu takriban 20. Ndiyo maana mzawa wa Kilindini aweza kuitamka meli, yaani ship, na kondoo, yaani sheep, kwa sauti moja, na msikilizaji asijue bandarini kumeingia nini. Mwalimu anayelijua hili hulishughulikia mapema. Asiyelijua humwambia mwanafunzi tu kwamba amekosea, wala hamwonyeshi amekosea wapi.

Lakini tazameni pia neema mlizo nazo. Sauti mbili ambazo Wazungu wengi wa bara la Ulaya hushindwa nazo, ile ya kwanza katika neno think na ile ya kwanza katika neno this, nyinyi mnazo tangu utotoni: moja mwaitamka mkisema thelathini na nyingine mkisema dhahabu. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, na kwa hiyo wanafunzi wetu huchanganya he na she, wakamwita mama "bwana". Lakini aliyesoma chuoni ajua huwa na hiya. Akiambiwa kwamba he ni huwa na she ni hiya, ameelewa kwa pumzi moja. Vilevile Kiswahili hakina a na the, nazo huwatesa wanafunzi miaka na miaka. Aliyesoma nahau ajua tofauti ya nakira na maarifa, ya kitabun na al-kitabu. Hazilingani kila mahali, lakini ni daraja la kuanzia. Mwalimu bora kwa mama wa chuoni ni yule anayemwonyesha kwamba hakuja mikono mitupu.

La tatu ni namna anavyosomesha. Kaeni darasani mwake siku moja mtazame jambo moja tu: nani anayesema? Ikiwa mwalimu amesema dakika hamsini na wanafunzi wamesema kumi, basi aliyefanya mazoezi ya Kiingereza siku hiyo ni mwalimu. Lugha ni kazi ya ulimi, kama tajwidi. Hakuna aliyejua kusoma Qur'ani kwa kumsikiliza sheikh peke yake, bali mwanafunzi husoma, sheikh husikiliza, akamsimamisha, akamrudisha, akasoma tena.

Tazameni vilevile namna anavyosahihisha. Mwalimu anayemkatiza mwanafunzi kila neno humfunga kinywa, na asiyesahihisha kabisa humwacha na makosa yake yakakomaa. Mwema ni yule anayemwacha aimalize sentensi, kisha akamrudishia kosa moja au mawili yaliyo makubwa, kwa sauti ya upole. Mwalimu anayecheka, au anayewaacha wanafunzi wengine wacheke, msirudi kwake hata kama ana shahada saba ukutani. Mtoto akichekwa hulia, kesho akasahau. Mtu mzima akichekwa huenda asifungue kinywa tena maisha yake.

La nne ni ukweli wa ahadi zake. Tumeona matangazo yaliyobandikwa ukutani na yanayosambazwa katika simu: ongea Kiingereza fasaha kwa siku thelathini. Tuyapime kwa hesabu. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mpango wa ngazi sita za kupimia lugha: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Wa A1 aweza kujitambulisha na kujibu maswali mepesi akisemeshwa polepole. Wa A2 aweza kununua, kueleza habari za nyumba yake na mahitaji yake ya kila siku. Wa B1 aweza kujitegemea katika mambo mengi ya safari, kusimulia yaliyompata na kutoa sababu za maoni yake. Na Cambridge, ambao ni miongoni mwa watungaji wakubwa wa mitihani ya Kiingereza, hukadiria kwamba kutoka mwanzo kabisa hadi A2 huhitajiwa saa 180 hadi 200 za masomo yenye mwalimu, hadi B1 saa 350 hadi 400, na hadi B2 saa 500 hadi 600.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Mama anayesoma saa moja mara mbili kwa wiki, katika wiki 50 za mwaka, amepata saa 100. Ataifikia A2 katika mwaka wa pili. Anayesoma saa moja siku tano za wiki amepata saa 250 kwa mwaka, naye ataipita A2 kabla mwaka kwisha. Na zile siku thelathini za tangazo, hata mtu akisoma saa mbili kila siku bila kupumzika, ni saa 60 tu. Kwa saa 60 mtu hujifunza mambo ya manufaa: kusalimia, kutaja jina na umri, kueleza mahali panapouma. Ufasaha haumo humo. Mwalimu mkweli hukwambia, "Baada ya miezi mitatu utaweza hili na hili, na lile bado." Anayeahidi yote kwa mwezi mmoja auza tangazo.

La tano ni adabu na amana. Kina mama wasione haya kuliuliza hili mapema. Masomo yatafanyika wapi? Ikiwa mwalimu ni mwanamume, msikubali mafunzo ya mtu mmoja na mwalimu mmoja katika chumba kilichofungwa. Someni kwa kundi, mahali pa wazi, au nyumbani pakiwa na mahram. Ikiwa ni kwa simu, patiliane masharti: saa za kutumiana ujumbe ni zipi, na ujumbe uwe wa masomo. Sauti mnazorekodi kwa ajili ya mazoezi, na picha za darasa, zisipelekwe kwa mtu mwingine wala kutumiwa kwa tangazo bila idhini. Mwalimu mwenye heshima hachukizwi na masharti haya. Akichukizwa, amekusaidieni kumjua.

La sita ni malipo. Mkubaliane ada kabla ya kuanza, na muandike katika karatasi: ni saa ngapi kwa wiki, kwa kiasi gani, na siku mwalimu akikosa kuja itakuwaje. Lipeni mwezi kwa mwezi, wala msilipe mwaka mzima mbele kwa sababu ya punguzo. Mkituma kwa M-Pesa, hifadhini ujumbe wa malipo, na mkilipa mkononi, ombeni risiti. Ombeni pia somo moja la majaribio, nanyi mkubali kulilipia, kwani muda wa mwalimu ni haki yake. Na ada kubwa isiwe ndiyo dalili ya ubora, wala ada ndogo isiwe ndiyo sababu ya kuchagua.

Huenda msomaji akasema: sifa hizi twazikubali, lakini mtu kama huyo yuko wapi? Tuanze na walio karibu. Katika kila mtaa wetu, kuanzia Mji wa Kale hadi Likoni, wako walimu wanawake waliostaafu, waliofundisha Kiingereza miaka thelathini, na sasa wako nyumbani wakimea maua. Wana elimu, wana umri, na wana subira iliyopikwa na maelfu ya watoto. Wako pia mabinti zetu waliosomea ualimu katika vyuo vikuu na hawajaajiriwa. Serikali nayo ina madarasa ya watu wazima, yale yaliyozoeleka kwa jina la ngumbaru, na asiyejua kusoma herufi za kizungu aanzie huko.

Na njia tunayoipendelea zaidi ni hii: kina mama watano au sita wa chama kimoja, wenye haja inayofanana, wamlete mwalimu mmoja. Ada ikigawanywa, kila mmoja hulipa kidogo. Wao kwa wao hupata wa kuzungumza naye baada ya somo. Haya hupungua kwa kuwa wote ni wanafunzi, na sitara hukaa mahali pake. Iwapo mmoja atakata tamaa, wenzake watambishia mlango.

Tuwaachie maswali matano ya kumuuliza mwalimu siku ya kwanza. Umewahi kuwafundisha watu wazima, na naweza kuzungumza na mmoja wao? Utanipima vipi ili ujue nianzie wapi? Baada ya miezi mitatu nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi? Katika saa moja, mimi nitasema dakika ngapi? Na nyumbani utanipa kazi gani? Mwalimu wa kweli atayafurahia. Na lililo bora kuliko yote ni yeye kukuuliza wewe: wakitakia nini Kiingereza? Asipokuuliza, akakupa kitabu kile kile anachompa kila mtu, basi haja yako haijui.

Mkishamchagua, msimwache kwa jambo dogo. Mpeni miezi miwili kamili. Mwisho wake mjipime kwa kitendo, kwa mfano kwenda dukani au zahanati na kusema kwa Kiingereza jambo moja ambalo zamani hamkuliweza. Mkiona mmesogea, hata kwa shibiri, kaeni. Mkiona hamkusogea, nanyi mmehudhuria na kazi za nyumbani mmezifanya, basi mwageni kwa heshima, mlipeni haki yake yote, wala msimtangaze kwa ubaya. Huenda akamfaa mwingine. Ama yule aliyechukua fedha akatoweka, huyo amekula mali ya watu kwa batili, na kuwaonya wenzenu juu yake ni nasaha, maadamu mnasema kweli na hamuongezi.

Tumalizie na neno kwa walio nyumbani. Enyi waume, mke anayetaka kujifunza hataki kukupita. Ataka mkono wako uwe na mwenzake. Shikeni watoto saa moja baada ya Alasiri, naye akasome. Enyi vijana mnaosoma skuli, mama yenu akitamka neno vibaya msimcheke. Yeye aliwafundisha neno lenu la kwanza, nanyi mlilitamka vibaya mara mia, wala hakuwacheka ila kwa furaha. Kaeni naye robo saa kila usiku, mzungumze naye polepole kwa lugha hiyo anayoitafuta. Hiyo ni katika wema mlioamrishwa kwa wazazi.

Na kwa mama aliyetuuliza kuhusu kichwa chake: kichwa kilichohifadhi juzuu na hesabu za chama hakikushindwa na lugha. Alilipa mara mbili kwa watu ambao hakupata kuwapima. Mara ya tatu aanze na yale maswali matano.

Tunamwomba Mola atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe walimu wema, na atulinde na elimu isiyonufaisha. Wabillahi tawfiq.